Njia Iliyokwisha Kulipiwa

Taasisi yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi Mwanza, Arusha au Mbeya hulipia mawasiliano kati ya ofisi zake mara mbili, na aghalabu hakuna mtu katika idara ya fedha anayeliona jambo hilo, kwa kuwa bili hizo mbili huwasili kwa majina tofauti na huidhinishwa na maofisa tofauti. Ya kwanza ni bili ya kiungo cha data, yaani njia ya mkonga au ya redio inayounganisha kompyuta za matawi na zile za makao makuu ili mifumo ya uhasibu, ya stoo na ya wateja ifanye kazi kama mfumo mmoja. Hii hulipwa kwa mwezi, kiasi kilekile, njia ikiwa imejaa au ikiwa tupu. Ya pili ni bili ya simu, ambayo hupanda kwa kila dakika karani wa Mwanza anapozungumza na mhasibu wa Dar es Salaam, ingawa sauti zao zingeweza kupita katika njia ileile iliyokwisha kulipiwa pasipo nyongeza ya hata senti. Hoja ya makala haya ni kwamba taasisi ina haki kamili ya kupitisha simu zake katika njia hiyo, na kwamba utata wa kisheria unaotajwa mara kwa mara huanzia mahali pengine kabisa, yaani pale simu inapotoka katika njia ya ndani na kuingia katika mtandao wa umma. Zaidi ya hayo, ofisi nyingi za Afrika Mashariki ambazo leo hujiona zimeokoa gharama za simu hazikuokoa kitu, bali zimeihamishia bili hiyo mfukoni mwa mfanyakazi.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kuangalia jinsi simu inavyopata njia yake. Mtambo wa simu wa ofisi, ambao mafundi huuita PABX na wafanyakazi wengi bado huuita swichibodi kwa kumbukumbu ya chombo alichokuwa akikiendesha opereta mapokezini, una kazi moja kubwa, nayo ni kusoma tarakimu zilizobonyezwa na kuamua simu ipite wapi. Kila meza ina ekstensheni, yaani namba fupi ya ndani, na mgongano hutokea mara tu mitambo ya miji miwili inapounganishwa, kwa sababu meza namba 145 iko Dar es Salaam na nyingine iko Mwanza. Mafundi hulitatua hilo kwa kuipa kila ofisi tarakimu yake. Karani wa Mwanza anapobonyeza 7, kisha 2, kisha 145, tarakimu ya kwanza huuambia mtambo kwamba simu inakwenda kwenye tawi lingine, ya pili hutaja Dar es Salaam, na tatu zilizobaki hazisomwi kabisa Mwanza. Husafirishwa kama zilivyo hadi mtambo wa Dar es Salaam, ambao huzisoma kana kwamba zimebonyezwa na mtu aliye ghorofa ya chini. Orodha ya maamuzi haya yote, inayosema tarakimu zipi ziende njia ipi, huitwa mpango wa namba, na ubora wa mfumo mzima hutegemea orodha hiyo kuliko unavyotegemea bei ya vifaa.

Hadi hapo hakuna la kubishaniwa, kwa maana simu imeanzia ndani ya taasisi na imeishia ndani ya taasisi. Mambo hubadilika pale ambapo karani huyohuyo wa Mwanza anataka kuzungumza na ofisi ya wakala wa forodha iliyoko Dar es Salaam, ambayo si sehemu ya taasisi yake na ambayo namba yake ya mezani huanza na 022. Mpango wa namba uliotungwa kwa makini huiona 022, huitambua kuwa ni ya Dar es Salaam, huipeleka simu hiyo kupitia kiungo cha ndani hadi makao makuu, na huko mtambo wa pili hukata zile tarakimu 3 za mwanzo, huchukua laini ya mjini na kuzipiga tarakimu 7 zilizobaki, hivyo kwamba safari ya zaidi ya kilomita 1,000 huonekana katika bili kama simu ya mtaa kwa mtaa. Ni kama abiria anayesafiri kwa gari la mwajiri wake kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kisha akapanda daladala kwa kipande kilichobaki, na konda hana sababu ya kumuuliza alikotoka. Kampuni ya simu, hata hivyo, ina sababu ya kuuliza, kwa kuwa nauli iliyotarajia kuipata ni ya safari nzima.

Swali la kwa nini nauli hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya watu watafute gari jingine linajibiwa vizuri zaidi na historia ya Marekani, ambako mvutano huu ulipiganiwa hadharani na kuamuliwa na mahakama. Kwa miongo kadhaa kampuni ya AT&T ilikuwa karibu ndiyo pekee inayobeba simu za masafa marefu nchini humo, na kwa ridhaa ya serikali ilitoza simu hizo bei ya juu ili mapato yake yasaidie kushusha gharama ya laini za nyumbani, hasa vijijini. Waliolipa nyongeza hiyo walikuwa, kwa sehemu kubwa, wafanyabiashara wenye ofisi katika miji mingi. Wakati huohuo teknolojia ya mawimbi ya maikrowevu, iliyoendelezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa ikipunguza kwa kasi gharama halisi ya kufikisha sauti mbali, kiasi kwamba pengo kati ya gharama na bei liliongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1959 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliruhusu makampuni makubwa kujijengea minara yao ya maikrowevu kwa matumizi yao wenyewe, na AT&T, ambayo hadi wakati huo haikuona haja ya kumbembeleza mteja, ilijibu mwaka 1961 kwa mpango ulioitwa Telpak, ambao uliuza laini za kukodi kwa mafungu na kwa punguzo kubwa. Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini: bei ambayo kwa miaka yote ilielezwa kuwa haiwezi kushuka ilishuka mara tu mteja alipopata uwezo wa kujibebea mzigo.

Mkasa wa MCI ulikwenda mbali zaidi. Kampuni hiyo ndogo iliomba mwaka 1963 kibali cha kujenga njia ya maikrowevu kati ya Chicago na St. Louis ili kuwauzia wafanyabiashara laini binafsi za kuunganisha ofisi zao, na kibali hicho kikapatikana mwaka 1969. Laini binafsi ilimaanisha ofisi kwa ofisi. Katikati ya miaka ya 1970, hata hivyo, MCI ilianzisha huduma iliyoitwa Execunet, ambayo ilimwezesha mteja kupiga namba ya mtaani kwake, kuingia katika njia ya MCI, na kutokea katika mji mwingine ambako simu yake ilishuka kwenye mtandao wa umma na kufika kwa mtu yeyote. FCC yenyewe iliona kwamba hapo mpaka umevukwa na ikaamuru huduma hiyo isitishwe; mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 1977, na tangu hapo ukiritimba wa masafa marefu Marekani ukawa unahesabu siku, hadi AT&T ilipogawanywa tarehe 1 Januari 1984. Mpaka uliobishaniwa katika Execunet ndio uleule wa karani wa Mwanza na wakala wa forodha, yaani mahali pa kushukia.

Nchi nyingine zilichagua kuulinda mpaka huo kwa sheria. India kwa miaka mingi iliruhusu makampuni kuunganisha ofisi zake kwa mitambo ya intaneti lakini ikakataza simu za njia hiyo kuchanganywa na simu za mtandao wa umma, hata pale ambapo zote mbili zilimfikia mfanyakazi mmoja mezani pake. Matokeo yake watengenezaji wa mitambo walilazimika kubuni utaratibu maalumu wa kutenganisha simu za aina hizo mbili ndani ya mtambo mmoja, ukuta usio na matofali ambao fundi huujenga kwa amri za programu ili mkaguzi wa serikali aridhike. Afrika Mashariki nayo iliulinda mpaka kwa njia ya ukiritimba. Telkom Kenya, iliyotokana na kugawanywa kwa shirika la posta na simu la nchi hiyo mwaka 1999, ilibaki na haki ya pekee hadi Juni 2004, na TTCL ya Tanzania ilikuwa na haki kama hiyo hadi Februari 2005. Katika miaka hiyo mtoa huduma ya intaneti aliyebeba sauti ya mteja hadi nje ya nchi alikuwa akihatarisha leseni yake, ingawa mikahawa ya intaneti mijini ilikuwa na vibanda vilivyofanya kazi hiyohiyo pazia likiwa limefungwa nusu.

Inafaa kukumbusha, japo kwa kupita tu, kwamba mipaka ya bei si lazima ifuate mipaka ya nchi. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliendeshwa na shirika moja, na uhusiano huo umesalia katika tarakimu: mpigaji wa Tanzania ameweza kuifikia Kenya kwa 005 na Uganda kwa 006, naye wa Kenya au Uganda kuifikia Tanzania kwa 007, bila kutumia msimbo wa kimataifa. Bei haikuukumbuka ujirani huo kwa uaminifu kama namba zilivyoukumbuka.

Kilichoifanya mbinu ya kubeba simu ndani kwa ndani iwezekane hata kwa taasisi ndogo ni mabadiliko ya sauti yenyewe kuwa tarakimu zinazosafirishwa kama barua. Katika mtandao wa kawaida wa kidijiti sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, hivyo mazungumzo ya upande mmoja huhitaji biti 64,000 kwa sekunde. Kiwango kinachojulikana kama G.729 hubana sauti hiyohiyo hadi biti 8,000, yaani sehemu moja ya nane, na mtu anayesikiliza bado humtambua anayezungumza. Hata hivyo, hesabu hiyo humdanganya anayenunua kiungo kwa kuisoma juujuu. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, kila kipande hutiwa katika pakiti, na kila pakiti huandikwa anwani na maelekezo ya safari; kwa G.729 sauti iliyomo ni baiti 20 tu, ilhali maandishi ya juu ya bahasha ni baiti 40. Bahasha ina uzito mara mbili ya barua. Pakiti 50 kwa sekunde, kila moja yenye baiti 60, hufanya biti 24,000 na si 8,000, na ofisi inayotarajia simu 10 kwa wakati mmoja inapaswa kutenga biti 240,000 kwa sekunde kila upande, kiasi ambacho kilikuwa mzigo mkubwa kwa viungo vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 lakini ambacho leo hakifikii hata robo ya kinachotumiwa na mtu mmoja anayetazama video.

Vifaa navyo vilishuka bei kutoka upande usiotarajiwa. Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Mark Spencer, aliyekuwa ameanzisha biashara ya kuwasaidia watumiaji wa Linux na ambaye hakuwa na fedha za kununua mtambo wa simu, aliandika programu yake mwenyewe ya kuendesha simu katika kompyuta ya kawaida na kuitoa bure kwa jina la Asterisk. Programu hiyo ilikuja pamoja na lugha yake ya kuunganisha mtambo na mtambo, iliyokuwa na sifa moja ya manufaa makubwa kwa matawi: simu kadhaa zinazokwenda ofisi moja ziliweza kutiwa katika bahasha moja, na uzito wa anwani ukagawanywa kati yao. Taasisi ambayo jana ilihitaji mtambo wa gharama kubwa katika kila tawi iliweza sasa kutumia kompyuta iliyokuwa imesimama bila kazi stoo, mradi awepo fundi wa kuutunga mpango wa namba na, jambo ambalo husahauliwa, awepo pia fundi wa pili atakayeuelewa siku yule wa kwanza atakapoacha kazi.

Katika ukanda huu kikwazo kilikuwa njia yenyewe. Kabla ya mikonga ya baharini, benki na mashirika yaliyotaka kuunganisha matawi ya mikoani yalitegemea setilaiti, na setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo neno lililotamkwa Mwanza hupanda kiasi hicho na kushuka kiasi hicho kabla ya kusikika Dar es Salaam. Hata kwa mwendo wa nuru safari hiyo huchukua karibu robo sekunde, na jibu huchukua robo nyingine. Mwongozo wa kimataifa wa simu hupendekeza kuchelewa kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, na sababu yake huonekana mara mazungumzo yanapoanza: mtu anauliza, ananyamaza, anadhani hakusikika, anarudia swali wakati jibu tayari liko njiani, na wote wawili wanajikuta wakisema pamoja kisha wakinyamaza pamoja. Kuwasili kwa mkonga wa SEACOM Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, ukifuatwa na EASSy mwaka 2010, pamoja na ujenzi wa mkongo wa taifa wa mawasiliano ndani ya Tanzania, kuliondoa kikwazo hicho katika miji mikubwa.

Kuwa na njia nzuri hakutoshi bila kujua upana wake, na hapa mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyefariki karibu karne moja iliyopita bado ndiye mshauri wa bei nafuu kuliko wote. Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni inayoonyesha ni simu ngapi zitakosa njia kwa idadi fulani ya njia. Meneja asiyeijua kanuni hiyo huhesabu kwa wastani: ikiwa katika saa yenye shughuli nyingi tawi hupiga simu 40 za dakika 3 kila moja, jumla ni dakika 120, sawa na mazungumzo 2 kwa wakati wowote, basi njia 2 zinatosha. Kwa kanuni ya Erlang, njia 2 zitawakatalia wapigaji 4 katika kila 10, kwa sababu watu hawapigi simu kwa zamu. Njia 4 zitamkatalia karibu 1 katika 10. Na ni kwa njia 6 tu ndipo anayekataliwa hubaki karibu 1 katika 100. Tofauti kati ya 2 na 6 ndiyo tofauti kati ya mfumo unaotumiwa na mfumo unaosifiwa siku ya uzinduzi kisha ukaachwa.

Mitambo mingi huongezewa tahadhari: njia za ndani zikijaa au kiungo kikikatika, simu hupelekwa yenyewe kwenye mtandao wa umma bila mpigaji kujua. Tahadhari hiyo ni ya busara na ni ya hatari kwa pamoja. Kiungo cha Mwanza kikiharibika siku ya Jumatatu, hakuna atakayelalamika, kwa kuwa simu zinaendelea kwenda. Zinakwenda tu kwa nauli kamili, na taarifa ya kwanza kwamba kuna hitilafu huletwa na bili ya mwisho wa mwezi. Mtambo wa namna hiyo unapaswa kumpigia mpigaji mlio tofauti kidogo, au kumtumia fundi ujumbe, kila unapobadili njia.

Hatari mbili nyingine zina uzito kuliko fedha. Ya kwanza hutokana na simu inayoshuka mbali na mpigaji. Mlinzi wa tawi la Mwanza anayeona moshi ghalani na kupiga 114 anatarajia kuwapata Zimamoto wa Mwanza, lakini mpango wa namba uliotungwa kwa kufikiria akiba peke yake unaweza kuipeleka simu hiyo hadi makao makuu na kuishusha katika laini ya Dar es Salaam, ambako anayeipokea ataona namba ya Dar es Salaam na kuuliza ni mtaa gani. Namba za dharura ni lazima zitoke kwa laini ya palepale, bila masharti, na jaribio lake lifanywe kila mpango unapobadilishwa. Ya pili ni wizi. Mtambo unaoweza kupokea simu kutoka nje, kuivusha ndani na kuitoa tena nje ni mlango wenye pande mbili. Wahalifu huutafuta kwa programu zinazojaribu nywila usiku kucha, na wakiupata huutumia kupiga maelfu ya dakika kwenda nchi za mbali kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, wakati hakuna mtu ofisini wa kuona taa zikiwaka. Nywila ya 1234 kwenye ekstensheni ya mapokezi inatosha kuifuta akiba ya miaka kadhaa.

Hapo ndipo suala la sheria linaporudi, na ndipo panapohitaji kutenganishwa mambo ambayo katika mijadala ya umma huwekwa kapu moja. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilianza kutumia mtambo wa kufuatilia mawasiliano ya simu, na miongoni mwa malengo yake lilikuwa kuwabaini wanaotumia kile kinachoitwa simboksi: kifaa chenye laini nyingi za simu za mkononi ambacho hupokea simu za kimataifa kwa njia ya intaneti na kuziingiza nchini kana kwamba ni simu za ndani. Watu wamefikishwa mahakamani kwa kosa hilo, na ni sawa, kwa sababu mwenye simboksi hubeba simu za watu wengine kwa malipo, bila leseni, na huikosesha nchi pamoja na mitandao yenye leseni ada iliyowekwa kwa simu zinazotoka nje. Kwa macho ya fundi, simboksi na mtambo wa taasisi yenye matawi ni ndugu wa damu, kwa kuwa vyote viwili hubeba sauti kwa intaneti na kuishusha mahali pa bei nafuu. Kinachovitofautisha ni mwenye simu. Taasisi inayobeba mazungumzo ya wafanyakazi wake wawili haimuuzii mtu kitu, kama vile dereva wa kampuni anayepeleka bahasha tawini hageuki kuwa shirika la posta. Kipande cha katikati, simu inayoanzia ndani na kushukia kwa mtu wa nje, ndicho pekee kinachostahili kanuni iliyo wazi, na kanuni hiyo ingefaa iruhusu ndani ya mipaka ya nchi na idai leseni pale simu inapovuka mpaka.

Hoja ya zamani dhidi ya ruhusa hiyo, kwamba mapato ya masafa marefu ndiyo yanayojenga minara vijijini, ilikuwa na nguvu katika zama za AT&T lakini imepoteza msingi hapa. Tanzania ilikwisha kutenganisha mambo hayo mawili ilipotunga mwaka 2006 sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na kampuni zenye leseni na kugharamia huduma katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara. Msaada unaoonekana katika vitabu vya hesabu ni bora kuliko ule uliofichwa katika bei ya dakika.

Isitoshe, umbali wenyewe umetoweka katika bei za simu. Simu ya mkononi haimtofautishi aliye Temeke na aliye Bukoba. Ilitofautisha mtandao na mtandao, na ukuta huo nao umekuwa ukibomolewa na wasimamizi. Nchini Kenya ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu yake ilishushwa mwaka 2010 kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na Tanzania ikaishusha kutoka shilingi 26.96 hadi 15.60 Januari 2018, kisha hatua kwa hatua hadi shilingi 2 mwaka 2022. Hata mpaka wa nchi ulianza kulegea: kampuni ya simu za mkononi ya Celtel iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kama mtandao mmoja Septemba 2006, na kuanzia mwishoni mwa 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikaondoa ada za ziada kwa simu kati yao, Tanzania ikiwa imebaki nje kwa wakati huo.

Ingetarajiwa, basi, kwamba bili ya pili imekufa kifo cha kawaida. Ukweli ni kwamba imebadilisha mlipaji. Katika ofisi nyingi za mikoani simu ya mezani imegeuzwa kizuizi cha karatasi, na kazi ya taasisi huendeshwa kwa simu za mkononi za wafanyakazi, kwa vocha zao na bando zao. Karani anayehitaji idhini kutoka makao makuu hupiga kwa salio lake. Likiisha, hubipu na kungoja apigiwe, na mteja aliye mbele yake hungoja pamoja naye. Simu za WhatsApp, ambazo wakubwa huzitaja kama suluhisho la bure, ni mbinu ileile ya kubeba sauti kwa data iliyoelezwa hapo juu, ila data yenyewe imenunuliwa na mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika mazungumzo hayo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndiyo maana mzigo huu hauonekani katika ripoti yoyote ya matumizi. Pale ambapo posho ya vocha hutolewa, hutolewa kwa kufuata cheo, ilhali simu hupigwa kwa kufuata kazi.

Taasisi inayotaka kuurudisha mzigo huo mahali pake haihitaji mradi wa mamilioni. Kiungo kipo, kompyuta ipo, programu ni ya bure, na sauti za tawi zima ni sehemu ndogo ya kinachopita katika kiungo hicho kila siku. Simu ya mkononi ya karani inaweza yenyewe kuwa ekstensheni, kwa programu inayotumia Wi-Fi ya ofisi badala ya bando lake. Kazi inayobaki ni ya kiutawala kuliko ya kiufundi, na huenda ndiyo sababu haifanywi: mtu fulani lazima aitunze orodha ya namba. Katika matawi mengi orodha hiyo ni karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya mlango, imepauka kwa jua, ina majina ya mameneja wawili waliokwisha kuhama, na mbele ya ekstensheni ya mhasibu pameandikwa kwa kalamu namba yake ya simu ya mkononi.